Jaji kasema ukapimwe unywaji wako: maswali ninayoulizwa sana

Miezi minne iliyopita, Jumapili usiku, mpwa wangu anayeishi Chicago kanipigia vidio kolu huku kajifungia bafuni mkewe asisikie. Alikuwa katoka kwenye sherehe ya Wabongo wenzake akiendesha mwenyewe, polisi wakamsimamisha, akapuliza kile kidude kikasoma 0.16, na kule Illinois, jimbo lenye Chicago, mwisho ni 0.08, yaani gramu 0.08 za kilevi kwenye mililita 100 za damu. Sasa wakili kamwambia kabla ya hukumu lazima akafanyiwe tathmini ya matumizi ya pombe na vilevi. "Anko, wewe si ndo unakaa na walevi kutwa, hao wananipima nini, damu au akili?"

Ni kweli nakaa nao, nafanya ushauri nasaha kwa wanywaji hapa Dar, na stori ilivyosambaa kwenye ukoo kila mtu kaja na swali lake, mpaka majirani. Nimeyakusanya.

Si ameshapuliza? Wanampima nini tena?

Kupuliza kunaonyesha usiku ule tu, pombe ilikuwa kiasi gani mwilini basi. Jaji anataka kujua huyu ni mtu aliyepitiliza siku moja au ni mtu ambaye pombe ndo inamwendesha, maana hawa wawili dawa yao haifanani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tathmini ni kukaa kwenye kiti na kuongea, unaulizwa ulianza kunywa lini, unakunywa na nani, umeshawahi kukosa kazini kwa sababu ya pombe, nyumbani kukoje, kwenye ukoo wenu kuna mlevi, bangi je, vidonge je. Mezani mbele ya huyo mtathmini kuna matokeo ya kupuliza na rekodi yako ya udereva. Wengine wanaomba na mkojo, na kuna kipimo cha mkojo kinachoweza kuona mabaki ya pombe uliyokunywa siku mbili tatu nyuma, kwa hiyo kuoga na kutafuna karafuu hakusaidii kitu.

Akisema hanywi kabisa si atamaliza haraka?

Hili kaniuliza dada yangu, mama yake mzazi, na nikajua mtoto kalitoa wapi, maana na yeye alishanipangia kwamba atasema "bia mbili tu". Nikamwambia mpwa wangu chukua karatasi tupige hesabu. Bia moja ya kule ya mililita 355 ina gramu kama 14 za kilevi. Mwanaume wa kilo 80 akinywa mbili kwa mkupuo anafika kwenye 0.05 hivi. Wewe umesoma 0.16, tena baada ya kukaa kwenye sherehe masaa manne huku ini linasafisha, hapo tunaongelea bia nane na zaidi. Akanyamaza. Halafu akacheka, akasema "Anko, na kulikuwa na konyagi pia."

Sasa fikiria unaenda kusema mbili mbele ya mtu anayeijua hiyo hesabu kuliko mimi. Hatakugombeza, ataandika tu kwamba maelezo yako hayaendani na kipimo, na mtu anayeficha anaonekana ana tatizo kubwa kuliko alilonalo. Ukiona jambo fulani linaweza kukuharibia kesi ongea na wakili wako kwanza, hasa kama huna uraia wa kule, lakini kwenda kutunga stori ni kujichongea.

Hizo bia wanazihesabuje? Mi nakunywa kistaarabu, chupa tatu tu

Hapa wengi tunapigwa chenga. Shirika la Afya Duniani kinywaji kimoja wanakihesabu gramu 10 za kilevi, Marekani gramu 14. Chupa yetu ya nusu lita yenye asilimia 5 ina gramu kama 20. Maana yake ukiitoa ile chupa kwenye kreti ukaiweka mezani, hapo kuna vinywaji viwili, sio kimoja. Zako tatu za kistaarabu ni sita. Na kile kichupa bapa cha pombe kali, mililita 200 asilimia 35, kinachokaa mfuko wa nyuma wa suruali, kina gramu kama 55, yaani vitano na nusu, watu wanakimaliza kwenye foleni ya Ubungo wanasema "nimeonja tu".

Maswali yenyewe yakoje?

Kuna fomu kadhaa, inayojulikana sana ni AUDIT ya Shirika la Afya Duniani, maswali 10 tu, na waliifanyia majaribio kwenye nchi sita ikiwemo Kenya hapo jirani, kwa hiyo msiseme ni mambo ya wazungu. Imeshatafsiriwa Kiswahili pia. Inauliza unakunywa mara ngapi, ukikaa unakunywa ngapi, umeshawahi kushindwa kusimama ukishaanza, umeshawahi kuamka hukumbuki jana, kuna mtu au daktari amekwambia upunguze. Kila swali lina alama mpaka 4, jumla 40. Ukifika 8 unaambiwa unywaji wako una hatari, ukifika 20 unapelekwa kuchunguzwa kama ni utegemezi kabisa, yaani mwili umeshindwa kukaa bila pombe.

Swali ninalolipenda mimi ni lile la pombe ya asubuhi, kama unahitaji kunywa ukiamka ili mwili ukae sawa. Sisi tumelipa jina zuri tu, kuzimua, na tunalichekea kwenye supu. Mtu ananiambia "mi sio mlevi, nazimua tu", na mimi kalamu ishaandika.

Wakishampima ndo anafungwa?

Mtathmini hafungi mtu, anaandika ripoti na mapendekezo, jaji ndo anaamua. Kila jimbo la Marekani lina utaratibu wake so usichukue ya Chicago ukampa mtu wa Texas. Illinois wana mafungu manne. Hatari ndogo kabisa ni darasa la masaa 10. Hatari ya kati, mfano huna kesi ya nyuma ila umesoma kati ya 0.15 na 0.19 au umegoma kupuliza, ni masaa 10 ya darasa na 12 ya vikao vya ushauri. Inayofuata ni darasa lile lile na masaa 20 ya matibabu. Ya juu kabisa, mwenye dalili za utegemezi au kesi mbili za nyuma ndani ya miaka 10, ni masaa 75 ya matibabu, na baada ya hapo bado anaendelea kufuatiliwa.

Bosi wake atajua?

Taarifa za matibabu ya ulevi kule zinalindwa na sheria yao, unasaini karatasi inayosema ripoti iende kwa nani. Isome hiyo karatasi kabla ya kusaini. Na kama Kiingereza cha hospitali kinakusumbua omba mkalimani mapema, usitikise kichwa tu.

Si bora aache ghafla wiki hiyo ili mkojo utoke safi?

Aliyeuliza ni mama mmoja wa Temeke, na nikaona kabisa haulizii mpwa wangu, anaulizia wa kwake ndani. Basi nisikilizwe vizuri hapa. Mtu wa chupa moja moja wikiendi akiacha hakuna shida. Lakini mtu anayekunywa kila siku tena nyingi, mikono ikitetemeka asubuhi mpaka apate, huyo akikatiwa ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na siku ya pili mpaka ya nne anaweza kuweweseka, kuona vitu havipo, jasho, moyo unaenda mbio, na watu wanakufa kwa hilo. Nyumbani wanasema karogwa au majini yamepanda, wanamfungia chumbani, wanamnyima na maji. Huyo ni mgonjwa wa dharura, mpeleke hospitali, ataangaliwa na kupewa dawa za kutuliza ubongo na vitamini B1. Na mwambieni daktari ukweli kwamba alikuwa anakunywa na ameacha lini, msione aibu mkasema malaria.

Na hapa Bongo je, ukikamatwa unapelekwa kupimwa hivyo?

Kikomo chetu nacho ni 0.08, yaani miligramu 80 kwenye mililita 100 za damu, ila kesi za barabarani huku tumezoea faini, kifungo au leseni. Kwa hiyo tathmini unaenda mwenyewe au unapelekwa na ndugu. Anzia kituo cha afya uombe rufaa, idara ya afya ya akili Muhimbili wanaona watu wa pombe, na vikundi vya walioacha vipo mjini. Ila msichanganye na kliniki za methadone, ile iliyoanza Muhimbili 2011 ikafuata Mwananyamala na Temeke ni ya waliotumia heroini, pombe haitibiwi na methadone. Nimeshaona mtu kapanga foleni pale asubuhi nzima bure.

Nikinywa kahawa na supu ya pweza si naendesha?

Swali la kijana wa bajaji hapa kwetu. Kahawa inakutoa usingizi, unabaki mlevi aliye macho. Ini linaondoa kama 0.015 kwa saa, halina haraka, halijui una abiria. Ukinywa chupa tano za nusu lita kuanzia saa mbili usiku, saa mbili asubuhi bado kinaweza kuwepo kilevi kwenye damu, na kwa dereva wa abiria mwili unatakiwa uwe mtupu kabisa.

Mpwa wako aliishia wapi?

Alienda, akasema kama ilivyokuwa pamoja na konyagi. Kikao kilichukua kama lisaa na nusu, akawekwa kwenye hatari ya kati, masaa 22. Yeye mwenyewe alimwambia mkewe usiku wa kuamkia siku hiyo, na kumbe mwenzie alikuwa anajua tangu siku ya kwanza. Leseni ilisimamishwa, akapata kibali cha kuendesha kwa masharti, gari wameifunga kile kidude, haiwaki mpaka apulize, na hata akiwa njiani kinalia anapuliza tena. Mwanae wa miaka minne kila wakitoka kwenda shule anaomba na yeye apulize, anadhani ni filimbi.