Je, wajua kwa nini habari ya kazi huletwa na mtu unayemjua juujuu, siyo rafiki wa kufa na kuzikana?

Jaribu siku moja kuwauliza watu walioajiriwa, wale wanaoshuka Posta asubuhi na vitambulisho shingoni: hii kazi uliisikiaje mara ya kwanza? Siyo usaili uliupitaje, hapana, ile habari yenyewe kwamba pale kuna nafasi ilikufikiaje. Utasikia majibu yanafanana sana, mara kuna kaka tulikuwa naye fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, mara kuna dada alisoma na shemeji yangu, mara kuna mteja alikuwa anakuja pale nilipokuwa najitolea. Ni nadra mtu akwambie habari kaletewa na rafiki yake wanayelala chumba kimoja Mabibo hosteli na kula naye kila siku. Vijana wengi wa chuo wakisikia hivyo wanasema ni bahati, yule kabahatika. Mimi nasema siyo bahati, ina sababu, na sababu yenyewe ilishachunguzwa zaidi ya miaka 50 iliyopita.

Aliyeichunguza anaitwa Mark Granovetter, Mmarekani, na wakati huo yeye mwenyewe alikuwa mwanafunzi, anasomea shahada ya uzamivu ya sosholojia pale Harvard. Alienda Newton, mji ulio pembeni ya Boston, akawatafuta watu waliotoka kubadilisha kazi karibuni, wa kada za kitaalamu na mameneja, akawauliza yule aliyekupa habari ya kazi mlikuwa mnaonana mara ngapi kipindi kile? Kati ya waliopata kazi kupitia mtu, ni asilimia 16.7 tu walikuwa wanaonana naye mara kwa mara, yaani angalau mara mbili kwa wiki. Asilimia 55.6 walikuwa wanaonana mara mojamoja, na asilimia 27.8 walikuwa wanaonana mara moja kwa mwaka au hata isifike hapo. Na alipokuwa anauliza, huyo ni rafiki yako? wengi walimjibu hapana, ni mtu tunafahamiana tu. Makala yake jarida moja liliikataa mwaka 1969, ikaja kuchapishwa na jingine mwaka 1973, na leo ni kati ya makala zinazonukuliwa sana kwenye sosholojia nzima.

Sasa kwa nini iwe hivyo? Rafiki wa karibu si ndiye anayekupenda zaidi na angetamani upate?

Ndiyo, anakupenda, lakini anajua kile kile unachokijua wewe. Fungua grupu la WhatsApp la kozi yenu uangalie. Tangazo la nafasi za kazi likitoka asubuhi, linatumwa na mtu wa kwanza, saa moja baadaye linatumwa na wa pili, jioni kuna wa tano anauliza wadau mmeliona hili? Mko watu mia na ushee humo ndani lakini habari ni moja, kwa sababu wote mnasoma kwa walimu wale wale, mnapita njia zile zile, mnafuata kurasa zile zile, na marafiki zako wengi ni marafiki wa wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo hata ukiwa na marafiki ishirini wa damu hapo chuoni, kwenye suala la habari za kazi ni kama una mmoja. Wakati yule dada mliyefahamiana wiki chache kwenye fildi, ambaye sasa hivi yuko kampuni ya kutoa mizigo bandarini, anaamka kwenye dunia nyingine kabisa, anakula mchana na watu ambao wewe hutakaa ukutane nao, anasikia kwamba fulani wa akaunti anaondoka mwisho wa mwezi na bosi anatafuta kijana wa kushika pale. Habari hiyo haijafika gazetini na pengine haitafika.

Na usidhani wenye ofisi wanaficha kwa roho mbaya. Chukulia kampuni ndogo ya Mikocheni au duka la jumla Kariakoo lenye wafanyakazi kumi na mbili. Akitangaza nafasi moja ya mhasibu msaidizi anapata rundo la barua ambalo hana mtu wa kulisoma, na akishalisoma bado hajui nani mwaminifu na nani anawahi kazini, kwa hiyo anachofanya ni kuwauliza wafanyakazi wake, jamani hamna mtu mnamjua? Swali hilo likishaulizwa, nafasi inaenda kwa yule ambaye jina lake linakuja kichwani kwa mtu ndani ya hiyo ofisi, basi.

Hapa kuna jambo la kutenganisha, maana najua kuna anayesoma na kusema ahaa, kwa hiyo ni yale yale ya kubebwa. Siyo yale yale. Kubebwa ni mtu kupewa nafasi asiyoistahili kwa sababu ya ubini wake. Ninachosema mimi ni habari, kujua kwamba mlango upo na uko wapi, halafu ukifika unagonga kwa sifa zako mwenyewe. Serikalini mambo yana utaratibu wake, nafasi zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira na unaomba kupitia Ajira Portal bila malipo, unaitwa kwenye usaili wa kuandika na wa mahojiano, na walioshinda ila nafasi zikajaa majina yao yanawekwa kwenye kanzidata. Huko mtu unayemjua juujuu anaweza kukwambia usaili huwa unakuwaje na usome nini, hawezi kukupa kazi, na yeyote atakayekwambia tuma laki mbili nikuwekee jina lako juu huyo ni tapeli, hata kama ana picha ya ofisi kwenye profaili yake.

Kuna utafiti wa karibuni zaidi ambao naupenda kwa sababu ni mkubwa mno. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha majaribio yaliyofanyika LinkedIn, ule mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, kwa miaka mitano, kwa watumiaji zaidi ya milioni 20. Ile sehemu inayokupendekezea watu unaoweza kuwafahamu, watafiti walikuwa wanaibadilisha, baadhi ya watumiaji wakawa wanaletewa zaidi watu wa mbali, yaani wa kufahamiana nao juujuu, na wengine watu wa karibu, halafu wakaangalia nani anapata kazi mpya. Katika kipindi hicho kazi mpya kama 600,000 zilipatikana. Matokeo yaliunga mkono hoja ya Granovetter lakini yakairekebisha kidogo: anayesaidia zaidi ni wa mbali kiasi, mwenye watu kama kumi hivi mnaowajua wote wawili. Aliye mbali sana, ambaye hamna hata mtu mmoja wa kuwaunganisha, hasaidii vile. Pia waligundua kwamba kwenye fani zinazotegemea sana kompyuta na kazi za mtandaoni, watu wa mbali ndio wanasaidia zaidi, ila kwenye fani zisizotegemea hivyo vitu, watu wa karibu wana nguvu. Kwa hiyo kama unasomea umakenika na mjomba wako ana gereji Ilala, usimruke kwa sababu umesoma makala yangu, nenda kwa mjomba.

Ukishaelewa hilo, swali linakuwa: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au wa pili hapa Dar, aliyetoka Kigoma au Newala, ambaye kwao hakuna hata mtu mmoja wa ofisini, anawatoa wapi hao watu wa mbali kiasi? Hapa ndipo huwa naongea sana, na wanaonijua wanajua.

Jibu la kwanza na kubwa ni fildi. Wengi wanaichukulia kama wiki nane za kujaza logbuku na kupata sahihi ya supavaiza. Wanaenda ofisi iliyo karibu na walipopanga, wanakaa kona moja watatu waliotoka chuo kimoja, wanaongea wao kwa wao mpaka saa kumi, wanaondoka. Inaniuma kuona hivyo, kwa sababu kwa mwanafunzi ambaye kwao hakuna mtu wa ofisini, hiyo ndiyo nafasi ya wazi kabisa anayopewa kuingia ndani na kufahamika. Kaa mbali na wenzako wa chuo. Kula mchana na watu wa stoo, na wa masjala, msaidie yule dada wa mapokezi faili zake siku ambayo huna kazi, muulize dereva ofisi hii ina matawi wapi. Na usimlenge bosi mkubwa peke yake. Granovetter aliangalia pia habari ilipita kwa watu wangapi kabla ya kumfikia mhusika, akakuta asilimia 39.1 waliipata moja kwa moja kwa mwajiri waliyekuwa wanamjua tayari, na asilimia 45.3 kulikuwa na mtu mmoja tu katikati. Yaani huhitaji mnyororo mrefu mpaka kwa waziri, unahitaji mtu mmoja aliye ndani anayekukumbuka kwa uchapakazi wako.

Jibu la pili ni waliokutangulia. Wale wa mwaka wa tatu mnaopishana nao maktaba, mwaka kesho hawapo, wametawanyika Dodoma, Mwanza, Geita migodini, kila mmoja ofisi yake. Wengi tunawaacha waondoke bila hata namba. Halafu kuna maonesho, Sabasaba pale barabara ya Kilwa kila mwaka, mabanda yamejaa watu wa makampuni ambao kazi yao siku hizo ni kuongea na anayepita. Wanafunzi wanaenda kutembea na kupiga picha, ni sawa, lakini asubuhi ya siku ya kazi kabla umati haujaja unaweza kuongea na mtu wa banda dakika kumi nzima, ukamuuliza mnaajiri watu wa kozi gani, vijana wakija huwa wanakosa nini. Kanisani, msikitini, timu ya mpira ya mtaani, huko nako kuna watu wa kazi tofauti kabisa na yako.

Sasa namna ya kuwaomba. Meseji ya "mambo, naomba nisaidie kazi" haijibiki, kwa sababu umemwachia mzigo wote yeye, hajui umesoma nini, hajui unataka nini, na hana kazi mfukoni, kwa hiyo anaona aibu ananyamaza. Andika kitu kama hiki: "Shikamoo kaka, ni mimi niliyekuwa fildi kwenu Agosti mwaka jana, upande wa stoo, tulihesabu wote mzigo ule wa mwisho wa mwezi. Namaliza ugavi mwezi wa saba. Naomba kuuliza, kwa mtu anayeanza, ofisi za aina yenu huwa zinaangalia nini zaidi, na nikisikia nafasi naruhusiwa kuweka jina lako kama mdhamini?" Umemkumbusha wewe ni nani, umemwambia lini unamaliza, umemuuliza kitu anachokijua na kinachojibika. Hata asipojibu vizuri leo, siku bosi akiuliza jamani hamna mtu mnamjua, atakukumbuka. Na msalimie pia siku ambazo huna shida, Idi, Krismasi, akipata mtoto mpongeze, maana anayetafutwa siku ya shida tu anachoka haraka.

Ila habari za namna hii zina tabia moja, zinakuja ghafla. Unapigiwa saa nane mchana, tuma CV kabla ya saa kumi. Ukianza hapo kutafuta namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa kiko kwa bibi kijijini, CV iko kwenye kompyuta ya steshenari, nafasi imeshaenda. Vyote viwe kwenye simu yako tangu mwaka wa pili, CV ya kurasa mbili, vyeti vilivyoskaniwa vikasomeka, wadhamini watatu ambao umeshawaambia kwamba umewaandika, na akaunti ya Ajira Portal iliyojazwa vile unavyoweza kwa sasa. Baruapepe iwe na jina lako la kwenye cheti.

Kwa walio mwaka wa pili sasa hivi, kabla wenzenu wa mwaka wa tatu hawajamaliza mitihani yao, chukueni namba zao. Siyo za wote, wale sita saba mliowahi kufanya nao kitu, na ukihifadhi namba andika pembeni alisoma nini na anaenda mkoa gani, kwa sababu baada ya mwaka mmoja utakuwa na majina kumi yanayofanana kwenye simu na hutakumbuka nani ni nani.