Uvimbe wa Tezi ya Mate: "Hauniumi, Nitakwenda Nikipata Nafasi"

Uvimbe huu ni nini?
Ni nyama inayoota ndani ya tezi ya mate, mara nyingi ile kubwa iliyo mbele na chini ya sikio. Mara nyingi si saratani.

Kama si saratani na hauumi, upasuaji wa nini?
Kutouma si usalama. Narudia: kutouma si usalama. Kwa kawaida uvimbe huu hauumi, ndiyo maana watu hukaa nao miaka na miaka, wakiukanda na kuupaka dawa, hadi ndewe ya sikio inasukumwa juu. Aina inayoonekana zaidi inaweza kugeuka saratani, na hatari hiyo huongezeka kadiri unavyoiacha. Usiukande wala usiutumbue. Nenda ukapimwe.

Kwa nini usitolewe tu kwa tundu dogo?
Kwa sababu ganda lake ni jembamba. Likipasuka, chembe humwagika, na miaka baadaye hurudi vivimbe vingi badala ya kimoja. Daktari huondoa uvimbe pamoja na sehemu ya tezi inayouzunguka. Kupasua mara ya pili, penye makovu, ni hatari zaidi kwa neva ya uso.

Mdomo wangu utakwenda upande?
Hofu hii naielewa. Neva inayofumba jicho na kuleta tabasamu hupita katikati ya tezi hiyo. Uso unaweza kulegea baada ya upasuaji, lakini wengi hupona katika wiki au miezi kadhaa. Kulegea kwa kudumu ni nadra. Jicho lisipofumba vizuri, sema mapema lilindwe lisikauke. Ndewe inaweza kufa ganzi, na mate yanaweza kuvuja kwenye jeraha kwa muda. Wengine, miezi kadhaa baadaye, hutokwa jasho shavuni wanapokula, kwa kuwa neva za mate zilizokatwa zimeota kuelekea tezi za jasho. Hilo lina tiba.

Ila wanaokimbia upasuaji kwa hofu ya neva hurudi na uvimbe mkubwa zaidi, unaoifanya kazi kuwa ngumu zaidi.

Nisubiri dalili gani?
Usisubiri! Maumivu, kukua kwa kasi, au uso kulegea kabla ya kupasuliwa ni dalili za kukimbilia hospitali siku hiyohiyo, si za kungojea. Kipimo huanza kwa ultrasaundi na sindano nyembamba ya kuchukua chembe. Sindano hiyo haigeuzi uvimbe kuwa saratani.