"Imeisha muda" kwenye nyama ya friza: maana yake kwa bakuli la mbwa

Pakiti ilikuwa chini kabisa ya friza, imefukiwa na barafu. Nikaikwangua kwa ukucha mpaka tarehe ikajitokeza: miezi mitano iliyopita. Kuipikia familia sikutaka. Kuitupa nako kuliniuma, na mbwa alikuwa tayari amekaa mlangoni, mkia unafagia sakafu.

Wengi wetu huisoma tarehe ile kama siku ya kufa kwa nyama. Sivyo. Kwenye nyama mbichi iliyouzwa bila kugandishwa, tarehe hupangwa kwa kudhani itakaa kwenye friji, katika nyuzi 4 hivi, ambako bakteria huendelea kuongezeka polepole. Ukiigandisha kabla ya siku hiyo, hesabu inasimama. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri bakteria hawazaliani, kwa hiyo nyama iliyokaa humo muda wote haiwi sumu kwa kuwa tu kalenda imesogea. Ile iliyouzwa ikiwa imeshaganda, mara nyingi tarehe yake inazungumzia ubora, yaani ladha, ulaini na rangi.

Ila kusimama si kurudi nyuma. Nyama iliyoingia friza ikiwa imeanza kunuka itatoka ikinuka vilevile. Bakteria kama Salmonella na Listeria hawafi kwa baridi ya friza ya nyumbani; wanalala, na joto likirudi wanaamka na kuendelea walipoachia. Wanaosema "nimeigandisha, wadudu wamekufa" huwa wanafikiria vimelea, maana baadhi ya minyoo na viluwiluwi vyake hufa nyama ikiganda siku za kutosha. Bakteria ni habari nyingine.

Basi kwa upande wa bakteria, umri wa nyama ya friza usiuhesabu kwa miezi. Uhesabu kwa saa ilizokaa bila kuganda: tangu kununuliwa hadi kuingia friza, wakati umeme ulipokatika, na pale ilipoachwa kwenye sinki iyeyuke. Friza iliyojaa, mlango usipofunguliwa, hushikilia baridi kwa takriban saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24 hivi. Kama huwa unasafiri na hujui nyuma yako kulitokea nini, gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, ukiache humo. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama chini, barafu iliyeyuka ikaganda tena, na nyama nayo huenda ilipitia hayohayo. Pakiti yenyewe pia husema: maji mekundu yaliyoganda kama bamba kwenye kona moja, au nyama iliyobonyea ikachukua umbo la kitu ilichoegemea, si dalili njema.

Kuna mambo mawili yanayoendelea hata ndani ya baridi kali. La kwanza ni kuungua kwa baridi, yale mabaka ya kijivu, makavu kama gome. Hapo maji yamegeuka mvuke moja kwa moja kutoka kwenye barafu na kuiacha nyama ikiwa kavu. Hayana madhara. Yakate ukipenda; mbwa hatalalamika.

La pili ndilo linalonisumbua zaidi, nalo ni mafuta. Oksijeni huyala polepole hata kwenye friza, yakaanza kutoa harufu kali kama ya karanga za zamani au rangi ya kupaka mlango. Nyama ya kusaga huathirika upesi kwa sababu imechanganywa na hewa kila mahali, na ndiyo maana hushauriwa itumike ndani ya miezi 3 au 4. Steki na vipande vizima vya ng'ombe hufika hata miezi 12, kuku mzima mwaka, samaki wa mafuta miezi 2 au 3 tu. Mafuta yaliyoharibika humtapisha mbwa na kumharisha, na hula vitamini E iliyomo kwenye chakula. Kuchemsha hakurekebishi chochote hapo.

"Lakini mbwa anakula hata mzoga!" Kweli, na tumbo lake lina asidi kali. Ila mbwa wa mzogani naye huugua, sema hakuna anayemwandikia cheti. Sumu ya botulini, ile inayolegeza misuli kuanzia miguu ya nyuma, mbwa huipata hasa kwenye mizoga. Tena mbwa anaweza kubeba Salmonella bila dalili yoyote, akaitoa kwenye kinyesi, kisha ulimi uleule ukalamba uso wa mtoto. Na nyama iliyokwisha kuoza haiokolewi na sufuria, kwa kuwa zipo sumu za bakteria zinazostahimili mchemko.

Nyama inayofaa iyeyushe ndani ya friji, kwenye bakuli la kukinga maji yake, usiku kucha. Asubuhi fungua, nusa, gusa. Utelezi unaonata au harufu ya uchachu vinatosha kukupa jibu. Kisha ipike mpaka katikati ifike nyuzi 74, bila chumvi, bila kitunguu maji wala kitunguu saumu, maana vitunguu huharibu damu ya mbwa. Mifupa iliyopikwa itoe, hupasuka vijiti vyenye ncha. Punguza mafuta meupe pia. Mlo mmoja wenye mafuta mengi unaweza kulivimbisha kongosho la mbwa, na hilo humpeleka kwa daktari wa mifugo. Mara ya kwanza mpe kidogo, uchanganye na chakula alichozoea. Na isiwe nyama tupu kila siku, kwa sababu haina kalsiamu ya kumtosha.

Ile pakiti yangu ilikuwa kipande kizima cha ng'ombe, kimegandishwa siku mbili kabla ya tarehe yake, na friza haikuzimika hata mara moja. Nilikata kingo za kijivu, nikakichemsha, mbwa akala robo yake, siku ya pili nikamwongezea. Pembeni yake kulikuwa na mfuko wa nyama ya kusaga wa mwezi uleule. Nilipoufungua, jikoni pakanuka rangi ya mafuta. Huo niliufunga mara mbili, nikautia kwenye pipa la nje na kuweka tofali juu ya kifuniko, kwa sababu kukifungua anajua.