Jeni za jicho ziko jichoni? Hapana, na tena hapana

“Dokta, tatizo liko kwenye jicho, mbona mnanitoa damu mkononi?”

Swali halina ubaya. Kinachonichosha ni imani iliyo nyuma yake, kwamba jeni za jicho zimewekwa jichoni, za figo zimewekwa kwenye figo, na damu nayo ina zake. Nimeisikia kwa wagonjwa, nimeisikia redioni, na juzi nimeisikia kwa mtu mwenye shahada ya biolojia. Huyo ndiye aliyenikalisha chini kuandika.

Seli nyeupe ya damu yako ina jeni ya PAX6 ileile iliyo kwenye konea yako (kile kioo cha mbele ya jicho), kwenye kromosomu ya 11, nakala moja ya baba na moja ya mama. Mtoto akizaliwa bila irisi (duara yenye rangi ndani ya jicho) kwa sababu nakala moja imeharibika, kasoro hiyo kwa kawaida tunaiona kwenye damu. (Wapo wachache ambao hitilafu ilitokea baada ya mimba kutungwa, ikaingia kwenye baadhi ya seli tu. Kwa hao, damu inaweza kutudanganya.) Na msiiite “jeni ya jicho”: PAX6 inasomwa, yaani inatumiwa na seli kutengeneza protini, kwenye ubongo na kongosho pia. Waliozaliwa bila irisi hupata shida nyingine polepole, miaka inavyokwenda: nusu ya dozi, ya ile nakala moja nzima, haitoshi kuilinda konea, seli za konjuktiva (utando unaofunika weupe wa jicho) zinaivamia, mishipa ya damu inaingia, kioo kinakuwa ukungu.

Kwa hiyo DNA ni moja. Kinachotofautiana ni nini kinasomwa na wapi. Hapo ndipo wanaojua kidogo wanaponiudhi kuliko wasiojua kabisa.

Chukua uso wa jicho. Konea inatengeneza keratini (protini za kuimarisha seli) za KRT3 na KRT12. Konjuktiva, jirani yake wa kugusana, inatumia KRT4 na KRT13, na seli zake za ute zinatoa MUC5AC, protini ya ute. Katikati yao kuna ukanda mwembamba wa limbasi. Mwaka 1986 Schermer, Galvin na Sun walionyesha kwamba seli za tabaka la chini kabisa pale hazina KRT3, ingawa zile za chini kwenye konea yenyewe zinayo. Ukimya huo wa jeni moja ndio uliotuelekeza kwamba seli shina za konea, zinazozaa seli mpya, zinakaa pembeni.

Sasa mwanafunzi ananiletea jedwali la jeni zinazosomwa: “Konea inasoma MUC5AC!” Umekwangua wapi, mwanangu? Ukipitiliza ukingo kidogo tu, umebeba seli za ute za jirani, ukazisaga zote pamoja, mashine ikakupa wastani wa mchanganyiko. Wastani huo si tabia ya seli yoyote iliyowahi kuishi. Kusoma seli mojamoja kunasaidia, lakini kuzitenganisha kwa vimeng'enya kwenye joto kunawasha FOS na JUN, jeni za taharuki, na kukwangua ni jeraha tosha. Tishu ya marehemu nayo imekaa saa kadhaa kabla ya kutufikia. Kwa hiyo sehemu ya tunachokiita “hali ya kawaida” ni kelele za seli zilizoshtuliwa. Vitabu havipendi kulisema hilo. Na hata RNA (nakala ya jeni ambayo mashine inaihesabu) ikiwa safi, bado si protini. Hilo naliacha, nimelisema mpaka koo limekauka.

Anayedhani hakuna badiliko bila kasoro ya DNA aangalie upungufu wa vitamini A. Asidi ya retinoiki inayotokana nayo hushika vipokezi ndani ya kiini cha seli na kuamua jeni zipi zisomwe. Ikikosekana, seli za ute zinapungua, konjuktiva inaanza kutengeneza keratini za ngozi kama KRT10, jicho linakauka, madoa ya Bitot (mabaka meupe kama povu kwenye weupe wa jicho) yanatokea. Hakuna hata herufi moja ya DNA iliyobadilika. Ndiyo maana watoto wa miezi 6 hadi 59 wanapewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita. (Na hapana, mtu mzima anayekula vizuri hatavua miwani kwa kula karoti.)

Kuna jambo moja linalonisumbua bado. Jeni ya TGFBI inasomwa kwenye ngozi na tishu nyingine nyingi, lakini herufi moja ikikosewa, protini mbovu hurundikana kwenye konea na kuacha madoa, huku ngozi ikibaki salama. Dhana zipo: konea haina mishipa ya damu ya kusafisha, tabaka lake la juu linazalisha protini hiyo kwa wingi. Hakuna iliyoniridhisha. Kinachojulikana vizuri ni kwamba leza ya kurekebisha macho huyachochea madoa hayo, hasa kwa wenye badiliko la TGFBI liitwalo R124H. Kama kwenu kuna watu wenye konea za madoa, omba kipimo cha TGFBI kabla ya kulala chini ya leza. Seli za ndani ya shavu zinatosha.