Ushawishi wa kampuni katika sera za tabianchi: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ushawishi ni jina la heshima la rushwa.

Ukweli: Hapana. Kampuni kumweleza mbunge namna muswada utakavyoigusa biashara yake ni jambo halali katika nchi nyingi, na mara nyingine humpatia mtunga sheria maelezo ya kitaalamu ambayo asingeyapata kwingine. Kinachopaswa kuulizwa ni nani ametumwa, ametumwa na nani, na kama anayoyasema faraghani yanaafikiana na ahadi zilizotolewa hadharani.

Dhana: Palipo na sheria ya kutangaza ushawishi, kila kitu kiko wazi.

Ukweli: Marekani inayo sheria hiyo tangu 1995. Kila robo mwaka washawishi waliosajiliwa hujaza fomu inayotaja mteja, suala au muswada unaohusika, na kiasi cha fedha kilichokadiriwa kwa makumi elfu ya dola. Fomu hiyo haimlazimishi mtu kusema kama mteja wake anauunga mkono muswada au anaupinga. Mwaka 2009 muswada wa H.R. 2454, uliokusudia kuweka ukomo wa gesijoto na kuanzisha soko la vibali vya kuzitoa, ulipita katika Baraza la Wawakilishi kwa kura 219 dhidi ya 212, lakini haukuwahi kupigiwa kura katika Seneti. Anayefungua fomu za mwaka ule hukuta muswada huo huo umetajwa na waliotaka upite na waliotaka ufe, bila alama yoyote ya kuwatenganisha. Uwazi wa namna hii unatufahamisha nani alikuwa mezani, si alichokitaka.

Dhana: Kampuni inawajibika kwa maneno yake yenyewe, si kwa ya chama cha wafanyabiashara ilichojiunga nacho.

Ukweli: Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwa kuwa ada ya uanachama hutoka mfukoni mwa kampuni, na chama kinaweza kusema yale ambayo mwanachama asingethubutu kuyasema kwa jina lake. Mwaka huo huo wa 2009 PG&E, Exelon na Apple zilijitoa katika U.S. Chamber of Commerce, chama cha wafanyabiashara wa Marekani, kwa kutoridhishwa na msimamo wake kuhusu tabianchi. Nike yenyewe iliacha kiti chake cha bodi lakini ikabaki mwanachama: mguu ndani, mguu nje. Miaka 10 baadaye Shell ilichunguza vyama 19, ikachapisha matokeo, ikatangaza kujitoa katika chama kimoja cha wasafishaji mafuta, AFPM, na kubaki katika vingine 9 ambavyo ilikiri kutofautiana navyo kwa kiasi fulani. Januari 2021 Total, ambayo wasomaji wa Uganda na Tanzania wanaijua kwa bomba la mafuta la kutoka Hoima hadi Tanga, ilitangaza kujitoa katika American Petroleum Institute, chama cha kampuni za mafuta na gesi nchini Marekani. Kujitoa si lazima kila mara, ila taarifa isiyokitaja chama kwa jina, hoja wanayotofautiana na hatua itakayofuata haimsaidii mwanahisa hata kidogo.

Dhana: Wanahisa wakishapiga kura, bodi haina budi kutii.

Ukweli: Mei 2020 wanahisa wenye asilimia 53 ya kura waliunga mkono azimio la kuitaka kampuni ya mafuta ya Chevron ieleze kama ushawishi wake unakwenda sambamba na Mkataba wa Paris wa kudhibiti ongezeko la joto duniani. Mwaka uliofuata azimio la aina hiyo lilipata karibu asilimia 64 katika ExxonMobil, kampuni nyingine ya mafuta ya Marekani. Kwa kawaida maazimio hayo nchini Marekani ni ushauri tu, na bodi haishurutishwi kisheria kuyatekeleza. Ila wakurugenzi nao huchaguliwa na wanahisa hao hao, na katika mkutano ule ule wa ExxonMobil mfuko mdogo wa uwekezaji uitwao Engine No. 1, wenye takriban asilimia 0.02 ya hisa, ulifanikiwa kuingiza watu wake 3 katika bodi licha ya upinzani wa uongozi.