Je, wajua kwa nini walenga shabaha hawataki kuachana na rivolva ya zamani?

Kwa Waganda wengi bunduki ni kile kitu kinachoning'inia begani mwa mlinzi kwenye mlango wa benki au supamaketi ya Kampala. Kwa walioipitia miaka ya 1970 na 1980, ni kitu cha kukikimbia. Ukimwambia mtu wa hapa kwamba kuna watu wanaoipenda bastola kuukuu kama wengine wanavyopenda saa za mkono za zamani, atakutazama mara mbili. Mimi nilimtazama Afande hivyohivyo.

Afande ni jirani yetu hapa Jinja, askari polisi mstaafu aliyefundisha shabaha miaka mingi. Jina analo, ila hakuna anayelitumia; hata mama muuza chapati humsalimu "Jambo Afande." Kiswahili chake ni cha kambini, kifupi, hakina mapambo. Nilimwuliza kwa nini mtu mwenye pesa za kununua bastola mpya ya risasi kumi na tano ahangaike kutafuta ya risasi sita.

"Ile ya sita haikufichi," akasema, akaendelea kunywa chai.

Tuanze na chombo chenyewe. Rivolva ni bastola yenye silinda inayozunguka (si ile ya gesi ya kupikia), na ndani ya silinda mna vyumba, kwa kawaida sita, kila kimoja na risasi yake. Mmarekani Samuel Colt alipata hataza ya bastola yake ya silinda mwaka 1836 nchini kwao. Sisi huku tuliijua zaidi kupitia Waingereza, ambao maofisa wao walivaa Webley kiunoni enzi za ukoloni. Lakini Webley ilikuwa silaha ya vita. Anayoizungumzia Afande ni ndugu yake mpole: rivolva iliyoundwa kutoboa karatasi, yenye mtutu mrefu wa inchi sita, vilengeo vinavyorekebishwa kwa bisibisi, na kishikio cha mbao kinachojaa kiganja. Kampuni ya Smith & Wesson ilitoa K-38 baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1957 ikaanza kuiita Model 14. Colt nao wakaleta Python mwaka 1955. Hizo ndizo mashabiki wanazozitaja kama watu wa mpira wanavyotaja wachezaji wa zamani.

Uhondo wa kwanza uko kwenye kifyatulio. Rivolva hizi hupigwa kwa njia mbili. Unaweza kuvuta kifyatulio moja kwa moja, nacho kitafanya kazi zote: kizungushe silinda, kiinue nyundo inayogonga kitako cha risasi, kisha kiiachie. Mvuto huo ni mrefu na mzito. Au unaweza kuitega nyundo kwanza kwa kidole gumba, kama unavyotega mtego wa panya, na hapo kifyatulio kinabaki na kazi moja tu ya kuiachia. Kinakuwa chepesi, hakina mchezo, na kinakatika ghafla. Afande anasema ni kama kuvunja njiti ya kiberiti. Risasi inaondoka kabla mkono haujapata nafasi ya kuvuruga.

Pili ni mtutu. Katika bastola nyingi za kijeshi za magazini (zile zenye kasha la risasi ndani ya kishikio), mtutu huinama kidogo kila risasi inapotoka, kisha hurudi mahali pake. Ukirudi na tofauti ya unywele, risasi ya pili inakwenda kwingine. Mtutu wa rivolva umekazwa kwenye fremu kama skrubu, hautikisiki. Tatizo lake liko kwingine: vyumba sita lazima vikae sawasawa na mtutu mmoja, kila kimoja kwa zamu yake. Kidole kidogo cha chuma husukuma silinda, na kikomeo huifunga mahali pake. Kati ya silinda na mtutu kuna mwanya wa karatasi moja au mbili hivi, ambamo gesi ya moto huponyoka kila unapofyatua. Ndiyo maana mwalimu hukupiga kofi ukiweka kidole karibu na hapo.

Sasa hesabu, ambayo binafsi ndiyo iliyonishinda kuamini. Tuseme vilengeo viwili, cha nyuma na cha mbele, vimeachana kwa sentimita 20, nawe umekosea kuvipanga kwa nusu milimita tu. Mita 25 mbele, risasi itakuwa imepotea kwa sentimita 6 na ushee. Kwenye karatasi ya mashindano ya kimataifa ya umbali huo, duara la 10 lina upana wa sentimita 5, kwa hiyo ulilenga 10 ukapata 8. Chukua bastola fupi ambayo vilengeo vyake vimeachana kwa sentimita 10, ukosee vilevile, na upotevu unafika sentimita 12 na nusu. Hapo umeangukia 6. Mkono ni uleule, jicho ni lilelile. Mtutu mrefu unakusamehe kidogo, na huo ndio msamaha pekee utakaoupata.

Halafu kuna risasi yenyewe. Ya shabaha katika kipimo cha .38 Special ina kichwa bapa, kama gogo lililokatwa kwa msumeno. Inakwenda taratibu, chini ya mwendo wa sauti, hivyo hairudishi mkono kwa nguvu. Ikifika kwenye karatasi haichani. Inakata tundu safi la mviringo, kama kile kifaa cha ofisini cha kutoboa karatasi za faili. Tundu safi ni pointi, maana likigusa mstari unahesabiwa duara la juu. Kichwa bapa namna hiyo hukwama kwenye bastola nyingi za magazini, kwa sababu lazima risasi ipande kutoka chini na kuingia yenyewe. Rivolva haina shida hiyo. Risasi imeshalala chumbani mwake tangu mwanzo, na ganda linabaki humohumo hadi ulitoe mwenyewe.

Mbona basi imepitwa? Kasi. Kuna vipindi vya mashindano unavyopewa sekunde chache kwa risasi tano, na kutega nyundo kila mara kunakula muda na kuvuruga mshiko. Ndugu wawili Wamarekani, John na Sumner Paine, walikwenda na rivolva zao Athens mwaka 1896, kwenye Olimpiki ya kwanza ya zama hizi, wakagawana ushindi: John mita 25, Sumner mita 30. Leo ukitazama mashindano makubwa utaona karibu kila mtu ameshika ya magazini. Sioni haja ya kubishana na hilo. Mtu anayetaka medali asifuate mapenzi.

Anayetaka kumiliki anafuata kitu kingine: chuma kilichong'arishwa hadi kikawa cheusi chenye ubuluu, vipande vilivyopatanishwa na fundi kwa tupa, silinda inayofunguka na kufungwa kwa mlio mmoja mdogo. Python za kwanza zinasifiwa kwa sababu hiyo hasa, mkono wa fundi. Lakini hapa kwetu kumiliki si jambo la kuamkia dukani. Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970 inataka uwe na hati ya polisi, na kwa historia tuliyoipitia mimi sioni ubaya wa mlango kuwa mwembamba. Afande mwenyewe hana hata moja nyumbani. Alichonacho ni mkono unaokumbuka: akieleza, kidole gumba kinatega kitu kisichokuwepo.

Nikarudi kwenye lile jibu lake la kwanza. Haifichi nini?

Akaniambia zoezi. Mwalimu anachukua rivolva, anageuza mgongo, anaweka risasi hai katika vyumba vitatu na maganda matupu katika vitatu, anazungusha silinda na kuifunga. Mwanafunzi anapokea bila kujua. Anapiga: ta! Inaruka, moshi, hakuna aliyeona kosa, kwa sababu mruko wa bastola umefunika kila kitu. Anapiga tena, na safari hii nyundo inaangukia ganda tupu. Tik. Hakuna mlipuko, hakuna moshi, ila mtutu umeinama chini kwa kishindo, kwa kuwa mkono uliogopa kabla ya wakati na kujiandaa kwa kelele ambayo haikuja. Darasa zima limeona. Kwa rivolva zoezi hili halina usumbufu wowote: tupu au hai, silinda inazunguka vilevile.

Dawa yake, anasema Afande, ni kurudia hadi mtutu utulie kwenye "tik" kama umetundikwa ukutani. Wengine huchukua wiki, wengine hawaponi.

"Na wewe, Afande, mara ya kwanza?"

Akaweka kikombe chini. "Mimi? Nilichimba muhogo."