Farasi mdogo asiyetaka kuwaacha wenzake

Alipoletwa kwangu alikuwa na miaka 3, jike wa rangi ya hudhurungi. Akiwa uani na wenzake alikuwa mpole kabisa: ukimwita anakuja, ukimvisha kamba ya kichwani anainamisha kichwa mwenyewe. Anakufuata taratibu hadi langoni. Mkishavuka lango, hatua kumi hivi, kichwa kinapaa juu, shingo inakakamaa, analia mlio unaotikisa mbavu zake, kisha anaanza kukuzunguka kana kwamba hupo. Hapo ndipo penye hatari. Mnyama wa zaidi ya kilo 400 aliyesahau kwamba umesimama pembeni yake anaweza kukukanyaga bila kukukusudia ubaya wowote.

Mmiliki wake aliniambia ni mkaidi. Neno hilo nimelisikia mara nyingi, na kila mara linaniuma, kwa sababu likishatamkwa watu huanza kutafuta adhabu. Huyu hakuwa mkaidi. Alikuwa na hofu.

Farasi ni mnyama wa kuwindwa, na kundi ndilo ulinzi wake. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote, lakini hata hivyo hawezi kujilinda peke yake saa zote. Anaweza kusinzia akiwa amesimama, ila usingizi mzito kabisa huupata akilala chini, na ili alale chini lazima ajisikie salama. Porini mara nyingi utakuta mmoja amesimama wengine wakiwa wamelala. Kwa hiyo mwenzake ni macho na masikio yake ya ziada. Unapomtoa langoni unampunguzia macho, na yeye anajua hivyo kabla yako.

Kwa farasi mdogo hali huwa nzito zaidi. Sisi wafugaji kwa kawaida tunawaachisha ziwa wakiwa na miezi 4 hadi 6, mara nyingi kwa siku moja tu, ilhali mama akiachwa na mwanawe hunyonyesha muda mrefu zaidi, pengine hadi karibu na mwaka. Mtoto aliyepoteza mama ghafla huwang'ang'ania rika lake. Niliowashughulikia wakiwa na shida hii, wengi walikuwa na historia ya namna hiyo.

Kabla ya lolote, daktari wa mifugo amwangalie meno, kwato na mgongo. Farasi anayeumwa hujificha katikati ya wenzake, na hapo mafunzo hayasaidii kitu.

Kisha natafuta mpaka wake. Watu wengi husubiri mlio ndipo wajue ameanza kuogopa, na kufikia hapo wamechelewa. Dalili huanza mapema: sikio moja lililokuwa likinigeukia linaacha kunigeukia, kutafuna kunakoma, kope zinakaza, hatua zinakuwa fupi. Kwa jike huyu dalili hizo zilianza kwenye hatua ya saba. Basi nilikuwa naenda naye hadi ya tano, nasimama, simvuti wala simsemeshi. Nasubiri ashushe kichwa, atoe pumzi ndefu. Akishafanya hivyo namkuna pale shingo inapokutana na mgongo, mahali wenyewe kwa wenyewe hukunana kwa meno. Mwaka 1993 watafiti Feh na de Mazières walionyesha kwamba kumkuna farasi mahali hapo hupunguza mapigo ya moyo wake, na mkono wangu umelithibitisha hilo mara nyingi. Nikimaliza kumkuna, tunarudi kwa wenzake.

Ndiyo, tunarudi. Wamiliki hushangaa hapa: si ndicho anachotaka? Ndicho hasa. Ninachomfundisha ni kwamba safari hii ina kurudi, na kinachomrudisha ni utulivu wake. Nikirudi wakati analia na kuvuta, nimemfundisha kulia na kuvuta. Nikirudi sekunde chache baada ya kushusha kichwa, amejifunza kushusha kichwa. Siku ya kwanza tulikwenda na kurudi mara sita, haikufika dakika 20, na hatukuvuka hatua ya tano hata mara moja.

Ukikosea ukavuka mpaka, na utakosea, usimrudishe moja kwa moja, wala usimshikilie palepale mpaka achoke. Punguza umbali kidogo, mpe kazi ndogo anayoijua: arudi nyuma hatua moja, asogeze miguu ya nyuma pembeni. Sikio likikugeukia tena, mwache apumzike, ndipo mrudi. Kwa sababu hiyo simtoi nje farasi ambaye hajajifunza kuitikia kamba akiwa kwao. Kamba iwe ndefu, mita 3 au zaidi, na usiizungushe mkononi kamwe.

Kuna njia mbili ninazozikataa. Ya kwanza ni kumfungia bandani peke yake mpaka anyamaze. Farasi aliyenyamaza si lazima awe ametulia. Wengine wamekata tamaa tu, na njiani wamejeruhiwa wakijaribu kuruka mlango. Ya pili ni kumkimbiza sana akiwa karibu na kundi na kumpumzisha akiwa mbali, ili aone mbali ni kuzuri. Nimeitumia miaka ya nyuma, na kwa farasi mzima aliyezoea kazi inaweza kufaa. Kwa mdogo mwenye hofu niliona inaongeza jasho juu ya hofu, na hata wenzake uani wanaanza kuhangaika. Niliiacha.

Jambo dogo lakini usilidharau: asifanye mazoezi na njaa. Tumbo la farasi hutoa asidi muda wote, hata asipokula, na hofu juu ya tumbo tupu ni mateso. Nampa nyasi kavu kabla, na nyingine naziweka mahali tunapokwenda kusimama.

Wiki ya tatu nilimtoa pamoja na jike mzee, mtulivu. Mzee akitangulia mita chache, kisha anapotea nyuma ya miti kwa muda wa pumzi tatu, kisha anaonekana tena. Tukazidisha pumzi. Siku za upepo mkali tulirudi nyuma, siku moja hadi hatua ya tatu, na sikumlazimisha.

Wiki ya saba tulifika upande wa pili wa miti, yeye na mimi tu, mahali ambapo hawezi kuwaona wenzake. Alianza kula majani. Mmoja wao akalia kutoka uani. Aliinua kichwa, akasikiliza, akajibu mara moja, kisha akarudi kwenye majani yake. Nilimwacha ale dakika nne, nikamkuna, tukarudi nyumbani kamba ikiwa imelegea.